Sweta la Kabatini

Kila asubuhi, kabla ya jambo jingine lolote, Lusia alifuta vioo vya kabati. Alifuta kwanza kwa kitambaa chenye maji, halafu kwa gazeti kavu, halafu akapuliza pumzi pale penye alama za vidole na kufuta tena, maana mwenyekiti wa chama alikuwa na macho ya kuona alama ya kidole tangu yuko barabarani. Nje, baridi ya Juni ilikuwa imeikalia Uyole, na malori ya kwenda Zambia yalipita yakiguna kama wazee walioamshwa kabla ya jua. Ndani, birika lilikuwa linaanza kuimba juu ya jiko la mkaa.

Siku hiyo hakumaliza. Mlango ulisukumwa bila hodi, akaingia mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba na mtoto kifuani. Alilitazama kabati, akavuta kioo, akatoa sweta dogo lililokuwa ndani pamoja na kofia yake na soksi zake. Kisha akamlaza mtoto juu ya meza ya mikutano, palepale kwenye kitambaa cheupe cha kufuma ambacho hata vikombe havikuruhusiwa kukikanyaga, akaanza kumvisha.

"Mwangaluka, binti," ndipo alipokumbuka kusalimu. "Hili bei gani?"

Lusia alibaki na gazeti mkononi. "Mama, hapa si dukani."

"Si dukani?" Mwanamke alicheka bila kuacha kazi yake. "Kabati la vioo, nguo imepangwa, muuzaji amesimama. Kwetu Igawa duka ni hivihivi, tena la kwenu safi zaidi. Sema bei, usiogope. Pesa zikipungua nina samli kwenye kibuyu. Samli ya ng'ombe, siyo ya kopo."

Aliitwa Mama Seni. Mumewe, Maganga, alikuwa mmoja wa Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kutoka kaskazini hadi mbuga za Usangu, kule ambako jua halina utani. Mtoto huyu wa pili alikuwa amezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, kifua kikamkamata, wakapandishwa naye huku juu kwenye zahanati. "Naye muuguzi ananiambia dawa ya mtoto huyu ni joto," alisema Mama Seni. "Joto! Mji wenyewe huu hata moto unaona baridi. Nimepanga chumba jirani na zahanati, namlalia kama kuku anavyolalia yai, na bado anatetemeka."

Sweta lilimkaa mtoto kama aliyepimwa. Kofia ilishuka mpaka kwenye nyusi, soksi zikapanda mpaka magotini. Mtoto, ambaye tangu alipoingia alikuwa akitoa sauti nyembamba ya paka aliyefungiwa nje, alinyamaza. Akapiga mwayo.

"Umeona?" alisema Mama Seni.

Lusia aliona. Alikuwa bado anaona wakati mwenyekiti, Mama Andendekisye, alipoingia na baridi yake mabegani.

"Jamani!" Mama Andendekisye aliweka mkono kifuani. "Kielelezo!"

Hakugomba. Mama Andendekisye hakugombana na mtu. Adabu yake ilijulikana kuanzia Uyole mpaka Tukuyu. Alimwamkia mgeni, akauliza habari za safari, habari za ng'ombe, habari za mume, na huku akiuliza alikuwa anafungua vifungo. Alimvua mtoto kwa upole mkubwa, kofia, soksi, sweta, kama mtu anayetoa mayai kwenye kiota. "Pole, mama. Pole sana. Hiki hakivaliwi, ni cha kuonyesha wageni."

Mtoto akaanza tena kulia. Mama Seni alimrudisha ndani ya khanga taratibu, akamtazama Lusia usoni, wala hakumtazama mwenyekiti. Lusia akainamisha kichwa, akafuta kioo ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Chama kiliitwa Huruma ya Mama. Kilianzishwa na akina mama wenye moyo, tena moyo wa kweli, ili watoto wanaozaliwa kwenye baridi ya milimani wasiuawe na baridi hiyo. Akina mama wa kanisa moja la ng'ambo, kule kwenye theluji, walisikia habari zao wakatuma marobota ya sufu. Sufu ya kwanza ilifumwa sweta moja, kofia moja na jozi ya soksi, ziwe kielelezo kwa wafumaji. Kabla sweta la pili halijaanzwa, mgeni akaja.

Na mgeni haondoki mikono mitupu. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Mgeni wa kawaida hupewa mkungu wa ndizi au kuku. Lakini wa ng'ambo atapandaje ndege na kuku? Akafumiwa skafu kwa sufu ileile aliyoileta. Akafika kwao, akawaonyesha wenzake, wakalia machozi, wakatuma sufu maradufu. Sufu maradufu ikadai shukrani maradufu. Mwaka uliofuata zikafumwa skafu za wageni wote, na kofia za waume zao waliobaki nyumbani. Afisa wa wilayani aliyekuwa akiwapokea wageni naye akafumiwa vitambaa vya makochi, maana ingekuwa aibu mgeni apate na mwenyeji akose. Kuna kitambaa kimoja kilifika mpaka Iringa, kikafunika redio ya bwana mmoja mkubwa aliyewahi kupita Uyole na kusema chai ya pale ilikuwa tamu. Meza kuu ilivishwa. Viti vya meza kuu vilivishwa. Chupa ya chai ilifumiwa koti lenye vifungo. Katika Uyole nzima, kitu pekee ambacho Huruma ya Mama haikuwa imekivisha ni mtoto.

Wala hakuna aliyeiba hata uzi. Hilo ndilo lililomchosha Lusia. Angekuwepo mwizi, angalau angejua wa kumkasirikia. Lakini walikuwa akina mama wema, wanaochekeana na kuitana kwa majina ya watoto wao. Walifuma mchana kutwa, na kila mmoja angekuapia kwa jina la Mungu kwamba anawafumia watoto.

Lusia alikuwa mgeni kidogo miongoni mwao, binti wa Ilula, wa mama aliyemsomesha kwa nyanya za kando ya barabara. Alitoka chuoni na cheti kizuri cha maendeleo ya jamii na Kiingereza safi, lakini neno alilotaka kulisema lilikuwa kila mara linamfia kooni. Walimu wake waliandika hivi: mwerevu, ila haongei. Chama kilimwajiri kuwa katibu, na zaidi ya hapo kuwa mkalimani. Kazi hiyo ilimfaa. Mkalimani huongea siku nzima bila kusema lake hata moja.

Saa ya chai kamati ilikaa.

"Wageni wanaingia Jumamosi," alisema Mama Andendekisye. "Tuanze na bibi yule mkubwa, kiongozi wao."

"Mwaka jana tulimpa skafu," alisema Mama Asukile, mwanamke mnene, mwepesi wa ulimi. "Tukimpa skafu tena atasema watu wa Uyole akili yao imeishia shingoni. Mimi nasema kitandiko cha kitanda."

"Kitanda cha Wazungu unaujua upana wake wewe?" aliuliza Mama Sedekia, mtunza stoo, ambaye ufunguo wa marobota ulikaa shingoni mwake kama msalaba.

"Nitaujuaje? Kwani nimelala nao?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika, na wote wakaruka kuiwahi isiguse kitambaa.

Lusia aliinua mkono mpaka usawa wa bega, ukakataa kwenda juu zaidi. "Na yule mtoto?"

"Unasemaje, mwanangu? Ongea kama umekula."

"Mtoto wa yule mama wa Usangu. Nilifikiri labda, kama ingewezekana, tungetoa bonge moja tu la sufu. Ningefuma mwenyewe."

"Madukani si ipo sufu?" aliuliza Mama Asukile.

"Madukani!" alisema Mama Sedekia. "Nionyeshe kwanza duka lenye sabuni, ndipo unionyeshe lenye sufu."

Mama Andendekisye alimwekea Lusia mkono begani. "Ndaga, mwanangu, asante. Moyo wako ni mzuri. Lakini kitandiko kitakula sufu yote nyeupe, na ya rangi ni ya skafu. Mgeni kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto yupo, haendi popote."

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kifua, ndiye hasa anayeweza kwenda, tena bila kuaga. Lusia alilijua hilo. Alichosema ni, "Ndiyo, mama."

Sindano zikaanza kugongana. Mama Andendekisye akainua uso. "Hebu, Lusia. Lile sweta lilimtosha?"

"Lilimtosha kabisa, mama."

"Basi kamwambie mama yake aje Jumamosi. Kila mwaka wageni wanaona sweta bila mtoto. Safari hii tumvishe, waone sweta lenye mtoto!"

Kamati nzima ilipiga vigelegele. Lusia hata kikombe chake hakukimaliza. Alishuka mbio mpaka chumba kile cha jirani na zahanati, akamkuta Mama Seni ameketi kitandani, mtoto kati ya maziwa yake, mablanketi mawili mgongoni.

"Wamekubali," Lusia alisema akihema. "Jumamosi atavishwa lile sweta."

"Lilelile la kwenye vioo?"

"Lilelile."

"Wabeja, binti, wabeja sana." Mama Seni alicheka mpaka mtoto akashtuka. "Nilijua watapata haya. Nguo gani inafungiwa kwenye kioo kama nyoka wa maonyesho? Basi mwanangu ana nguo, sasa anaweza kupewa jina."

Lusia alivua sweta lake mwenyewe, la kijani, alilolivaa tangu chuoni, akamzungushia mtoto. Lilikuwa pana kama gunia. Upepo uliingilia mikononi na kutokea shingoni, na kichwa kikabaki wazi. "La kusubiria," alisema. Akarudi kwa miguu, anatetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alijisikia kuimba.

Wimbo huo ulimkatikia Ijumaa jioni, walipokuwa wanatundika vitambaa kwenye meza kuu.

"Kesho wageni wakishapanda gari," Mama Andendekisye alimwambia, pini mdomoni, "mvue yule mtoto haraka kabla hajalikojolea. Uliloweke kwa maji baridi, ulianike kivulini. Jumatatu liwe kabatini."

Lusia aliachia kona ya kitambaa. "Lakini, mama, nilimwambia amepewa."

"Na atapewa. Sufu mpya ikija."

"Ndiyo, mama," alisema Lusia. Maneno hayo mawili yalikuwa yanatoka yenyewe, kama kwikwi. Njiani alijichukia. Alipita karibu na kile chumba, akaona taa, akasimama, akaendelea na safari. Atamwambia nini? Kwamba mwanawe atakodishwa kwa mchana mmoja, kama viti vya harusi?

Jumamosi jua lilitoka kidogo, la kudanganya. Ngoma zilipigwa, Land Rover ikaingia uani, wageni wakashuka. Kiongozi wao, bibi mrefu mwenye nywele nyeupe, alikuwa amevaa skafu ya mwaka jana na ya mwaka juzi kwa pamoja, kwa heshima ya wenyeji, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akawekwa kwenye kiti kilichofumiwa, mbele ya meza iliyofumiwa, akamiminiwa chai kutoka kwenye chupa yenye koti.

"Ndugu mgeni rasmi," alianza Mama Andendekisye, na Lusia akatafsiri. Alitafsiri kwamba huruma haina mipaka. Alitafsiri kwamba kila uzi umefika ulikokusudiwa. Hata sentensi hiyo aliitafsiri.

Kisha Mama Seni akaitwa. Alipita katikati ya vigelegele, amepakwa mafuta, bangili zinalia, na mtoto amevaa sweta, kofia na soksi. Alikuwa amelala. Mashavu yake, ambayo siku zote yalikuwa na rangi ya majivu, yalikuwa yamepata damu. Bibi wa ng'ambo aliinuka, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, macho yakamjaa maji. Kamera zikalia.

"Mwambie mama huyu," alisema bibi, "hiki ndicho tulichokiota miaka yote."

Hilo Lusia alilitafsiri vizuri, na Mama Seni akajibu, "Mwambie Mungu amzidishie. Mwanangu tangu azaliwe hajalala hivi."

Zikafuata zawadi. Kitandiko kilikunjuliwa na akina mama wanne, cheupe, chenye maua, kipana kama uwanja wa shule, kikawekwa mikononi mwa bibi mpaka kikamfunika kidevu. Juu yake ikaja skafu, na juu ya skafu ikaja kofia ya mumewe. Bibi alicheka cheko la mtu aliyezidiwa, akamwinamia Lusia.

"Mpenzi, sijui niseme vipi bila kuwaudhi. Nyumba yangu imejaa. Vingine paka wangu ndiye anayevilalia."

Uwanja mzima ulimtazama Lusia. "Anasemaje?" aliuliza Mama Andendekisye.

"Anashukuru sana," alisema Lusia.

Makofi yakapigwa. Afisa wa wilayani alitoa neno la mwisho kuhusu kujitegemea, bibi akaahidi kutuma sufu zaidi, maradufu ya safari hii, na makofi yakapigwa tena. Wageni wakaanza kuelekea kwenye gari. Mama Andendekisye, akiwa anapunga mkono na kutabasamu, alimwelekezea Lusia kidevu kule kwenye ukuta.

Mama Seni alikuwa ameketi hapo, mahali penye jua kidogo, ananyonyesha. Mtoto alinyonya huku amelala, ngumi moja imetoka kwenye mkono wa sweta. Lusia alichuchumaa mbele yake. Mkono wake ulifika kwenye kifungo cha kwanza, ukakaa pale.

Mama Seni aliutazama ule mkono. Hakuuondoa. "Binti," alisema kwa sauti ya chini, "niambie wewe, maana wewe ndiye uliyekuja kwangu. Mmenipa au mmeniazima?"

Nyuma yake Lusia alisikia viatu, na harufu ya sabuni nzuri. Mwenyekiti alikuwa amekuja mwenyewe. "Bado tu? Lusia, mwanangu, mvue basi. Pole, Mama Seni, pole sana, ni utaratibu wetu tu." Naye akainama na vidole vyake vya upole.

Lusia alisimama. Alisimama kati yao, na kwa kuwa nafasi kando ya ukuta ilikuwa finyu, Mama Andendekisye ilibidi arudi nyuma hatua moja.

"Simvui."

"Unasemaje?"

"Nimesema simvui!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikapasuka katikati, ikaendelea hivyohivyo. "Wala wewe humvui! Juzi ulimvua mbele yangu nikafuta kioo. Leo sifuti kitu."

Vigelegele vilikatika. Mama Asukile alibaki na mdomo wazi. Mama Sedekia alishika ufunguo wake. Kwenye mlango wa gari, bibi wa ng'ambo aligeuka, kitandiko kimemjaa mikononi.

"Kuna nini?" aliuliza kwa Kiingereza. "Binti anasema nini?"

Akina mama wakatazamana. Miongoni mwao hakukuwa na mwingine wa kumwelewa wala wa kumjibu.

"Lusia," alisema Mama Andendekisye, na bado alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Lusia, mwanangu, nakuomba. Mwambie unawaaga. Mwambie unawatakia safari njema."

Lusia alimhurumia. Hilo lilimshangaza mwenyewe; alimhurumia kweli, mama huyu mwenye adabu ambaye hakuwahi kumnyima mgeni kitu maishani mwake. Lakini nyuma yake alimsikia mtoto ananyonya. Alitembea mpaka kwenye gari, akasimama mbele ya bibi, akamtazama machoni.

"Bibi," alisema kwa Kiingereza, polepole, ili lisipotee hata neno moja, "nimesema mtoto huyu simvui. Sweta mnalolipiga picha kila mwaka ni hilohilo moja, na nimeagizwa leo mkishapanda gari nilirudishe kabatini. Sufu nyingine yote mmeivaa wenyewe."